Mama Bukuru wa Kwenye Makala

Nimestaafu. Najua mnacheka, maana ndevu zangu zenyewe bado zinaota kwa kubahatisha. Mtu wa umri wangu anatakiwa aseme mradi umeisha, anatafuta mchongo mwingine. Mimi nasema nimestaafu kwa sababu ndivyo mwili unavyoniambia kila nikiamka. Magoti yaliyopanda vilima vya Kibondo na kushuka vya Kasulu hayaulizi cheti cha kuzaliwa. Halafu siku hizi udodosaji wanataka mtu wa kidato cha nne, anayejua kishikwambi. Mimi niliishia darasa la saba, na kishikwambi nilikijua kwa kukibeba.

Nawaandikia nyie mnaoingia sasa. Posho sitaziongelea, kila mtu atapata uchungu wake mwenyewe. Nitasema kazi ilivyokuwa, na nitasema habari ya Mama Bukuru, kwa sababu mkipita upande wa Makere mtaisikia, na mtaisikia vibaya.

Nilianza hivi. Nilikuwa nauza vocha na maandazi karibu na kambi ya Nyarugusu. Nyumbani tunaongea Kiha, bibi yangu upande wa mama alivuka kutoka Burundi kwa hiyo Kirundi nilinyonya nacho, na Kiswahili cha Wakongo nilikiokota kwenye biashara, maana Mkongo hanunui andazi kabla hajaongea. Akaja mama mmoja mtu wa pwani, amevaa viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu. Nikamwambia dada, hivyo viatu umevileta kuzikwa? Akacheka, akaniuliza najua lugha ngapi. Nikasema nne, na ya tano ya kuomba mkopo. Kesho yake nikawa mkalimani wa utafiti.

Huyo ndiye Dokta Zuhura. Ni dokta wa kusoma, hatibu mtu. Hilo mlielewe mapema, kwa sababu litawapotezea nusu ya siku. Unaingia nyumba ya mtu, unasema tumekuja na dokta, watoto wenye vikohozi wanatolewa mmoja mmoja mpaka na mbuzi anayechechemea. Kambini kuna mama wa Kikongo alisikiliza maelezo yetu yote ya utafiti, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu dokteri hana ata kinini ya malaria? Sasa iko dokteri ya nini?" Dokta hakusikia vizuri, akaniuliza amesemaje. Nikamwambia anakukaribisha.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Nestori, ambaye alikuwa anatafsiri kambini tangu mimi sijaota meno. Yeye kosa kama hilo la kukaribisha hakulitaka. Alinivuta pembeni akaniambia mtu akitukana, tafsiri tusi. Akilia, nyamaza naye. Usiongeze chumvi, usipunguze pilipili. Alikuwa na tabia ya kukaa nyuma kidogo ya anayehojiwa, sio mbele, ili mtu amwangalie dokta usoni na sauti ya mzee itoke kama inatoka hewani. Jaribuni hiyo. Inafanya kazi kuliko mafunzo ya wiki nzima hotelini.

Vifaa vyetu vilikuwa mabuti, mwavuli, kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni, na kalamu mbili, kwa sababu moja lazima mtendaji wa kijiji ataiazima na hutaiona tena. Tulitembea Nyabibuye, tukatembea Munanila kule ukungu haukauki mpaka saa nne, tukalala Kibondo kwenye gesti ambayo maji ya moto ni ahadi. Dokta alikuwa anajifunza Kiha kwa nguvu. Alijua inda ni mimba. Ni kweli, ila inda ni tumbo pia. Siku moja akamuuliza mzee wa watu, kwa Kiha chake cha pwani, kama nyumbani kuna mtu mwenye inda. Mzee akasema ni yeye mwenyewe, tangu wakati wa kuvuna maharage, na usiku inazidi. Dokta akaandika. Halafu akainua macho, akaziangalia mvi, akafuta polepole.

Utafiti wenyewe ulikuwa kwa nini akina mama wanajifungulia nyumbani wakati zahanati ipo. Na hapa ndipo yule mama anapoingia. Jina lake sitoi. Hata la uongo sitampa, mtaona kwa nini.

Anakaa kitongoji kimoja ndani ya Makere, karibu na kijito. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Dokta akasoma fomu ya ridhaa, nikatafsiri: jina lako halitatajwa popote. Akacheka, akasema, "Nani anitaje, kwani nimeiba?" Maana kwetu mtu akitajwa ni kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti anasema fulani kaingiza ng'ombe kwenye shamba la watu, na wewe unatafuta pa kuficha uso. Hakuna anayetajwa kwa heri.

Akasimulia huku vidole havisimami kwenye ungo. Alienda kujifungua zahanati, uchungu ulipozidi akapiga kelele, nesi akamchapa kofi pajani na kumwambia, "Ulipokuwa unaitafuta hukulia hivi." Uzazi uliofuata hakwenda. Alizaa na mama yake nyuma ya nyumba. Akasema hana kinyongo, ila paja halisahau. Mimi nikatafsiri hivyohivyo, paja halisahau. Kofi lile nililitafsiri kwa sauti yangu.

Miezi ikaenda. Dokta akarudi mjini kuandika, halafu akaja tena na utafiti mwingine. Ndipo akatueleza mimi na mzee Nestori mambo ya makala. Kwamba mtafiti anaandika makala, jarida linaichapa, lakini kuchapwa peke yake hakumsaidii sana. Anatakiwa atajwe. Watafiti wengine wakiandika za kwao waseme, kama alivyosema Zuhura. Kila akitajwa namba inapanda, na kuna namba nyingine wanapimana nayo kama vijana wanavyopimana misuli. Mzee akamuuliza wanakutaja kwa ubaya au kwa wema? Dokta akasema hata kwa ubaya inahesabika. Mzee Nestori akaweka kikombe cha chai chini, akamwangalia kama mtu aliyemwona mgonjwa.

Ile makala ya akina mama ilitajwa sana. Dokta alikuwa anafungua simu asubuhi kuangalia namba kabla hajanawa, kama mkulima anavyoangalia mawingu. Nami nilifurahi, sitadanganya. Mwishoni mwa makala tulishukuriwa, "wadodosaji wetu", bila jina wala nini, nikamwonyesha mama yangu hapo penye sisi. Dokta akasema makala imekuwa na athari kubwa. Nikamwambia Dokta, athari si ndo zile za mvua, nyumba zikianguka? Akasema hapana, hii ni athari nzuri.

Sasa sikilizeni ilivyorudi nyumbani. Makala ilikuwa ya Kiingereza, huku hakuna aliyeisoma. Ila watafiti waliomtaja Dokta nao wakatajwa na wengine, na hao wengine wakatengeneza kijitabu cha Kiswahili, kina rangi, kina mchoro wa mama na mtoto. Kijitabu kikafika Kasulu. Redio ikakisoma jioni, wakati watu wanakula na kila nyumba redio imewashwa. Kikasema: Mama Bukuru, mkazi wa kitongoji kando ya kijito Makere, alisimulia jinsi nesi alivyomchapa kofi pajani.

Mimi nilikuwa nakula. Nikauliza, Mama Bukuru nani tena?

Dokta alitakiwa aweke jina la bandia, akaweka. Bukuru alilisikia njiani mtu anaitwa, akalipenda mlio wake. Huko mjini jina la bandia ni kama wigi, unavaa lolote. Kwetu jina linasema ulizaliwaje. Bukuru ni pacha aliyetangulia, Toyi ni anayemfuata, na atakayezaliwa baada yao ni Kiza, hakuna kikao cha kuchagua jina. Huwezi kuitwa Mama Bukuru kama hujazaa mapacha. Na kando ya kile kijito mama wa mapacha alikuwepo mmoja tu. Nyumba ya tatu kutoka kwa yule aliyechapwa kweli.

Mama Bukuru halisi hatukuwahi kumhoji. Siku tulipopita alikuwa shambani.

Ndani ya wiki ile maisha yake yalibadilika. Watu hawakumchukia kwa sababu alisema uongo, walijua makofi yapo. Walimchukia kwa sababu nesi alikuwa mmoja tu, na walisikia wakubwa wa wilaya wanataka kumhamisha. Kijiji cha jirani nesi wao aliwahi kuhamishwa, mpaka leo wanatembea na wagonjwa begani. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza akifika. Mmoja akamwambia usoni, "Umetutaja redioni. Watoto wetu wakifa utawachoma sindano wewe?" Mumewe akamuuliza zaidi ya mara moja alimwambia nini yule mwanamke wa pwani. Akisema hajaongea naye kabisa, mume anasema jina ni lako, mapacha ni wako, kijito ni chetu.

Na tumbo lilikuwa kubwa. Huo ndio ubaya wenyewe. Mapacha walipozaliwa alitokwa damu nusura aende, na aliyemwokoa ni nesi huyohuyo. Safari hii akaapa haendi. Alisema hawezi kwenda kulala mbele ya mtu anayeamini amemchafua nchi nzima. Mama mkwe wake akaniita, akaniambia, "Obedi, nyie ndio mlioleta haya maneno. Huyu akifa nitamzika mlangoni kwenu." Bibi yule hatanii.

Nikampigia Dokta simu. Nikamweleza habari ya Bukuru, Toyi na Kiza. Akasema, "Obedi, sikuuliza. Sikumuuliza mtu." Akaandikia jarida, wakachapa masahihisho ya mistari michache, jina likabadilishwa. Ila makala zote zilizokwishamtaja zilibaki na Mama Bukuru wao, na kijitabu kilikuwa kimeshagawiwa. Mpaka leo makala bado inatajwa. Masahihisho, Dokta ananiambia, hayajatajwa na mtu hata mmoja.

Akaja mwenyewe. Alikuwa amekonda. Mpango wake ulikuwa asimame kwenye mkutano wa kijiji aseme aliyechapwa siye Mama Bukuru. Tukakaa na mzee Nestori tukaugeuza huo mpango kila upande. Ukisema siye huyu, swali linalofuata ni basi ni nani, na kitongoji chenyewe kina nyumba za kuhesabu kwa vidole. Yule mama wa ungo tulimwahidi. Dokta aliliona hilo hata kabla hatujamaliza kusema, akafunga daftari lake. Akasema kila mlango anaoufungua unamponda mtu vidole.

Ikabaki kwa nesi. Tulikwenda wawili, Dokta na mimi, mchana zahanati ilipopungua watu. Nesi alikuwa anafua shuka za wodini kwenye beseni, maana hata mfuaji hakuna. Mama wa makamo, mtu wa milima hiihii, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakutukaribisha kiti. Akasema kama tumekuja kuandika tena, kalamu tuiache nje.

Dokta akamwomba radhi kwanza. Akamwambia kijitabu kimemfanya aonekane mnyama wakati hakikusema kwamba yuko peke yake mwezi mzima, na hilo yeye Dokta aliliandika kwenye makala lakini waliomtaja hawakulitaja. Halafu akasema Mama Bukuru hajawahi kuongea na sisi, na anataka kujifungulia nyumbani, na kwenye uzazi wa mapacha alitokwa damu.

Nesi akaendelea kukamua shuka. "Najua siye."

Nikamuuliza, mama, unajuaje?

"Mkono ni wangu. Nitashindwaje kujua nilimpiga nani?"

Kumbe kijiji kizima kinamnunia Mama Bukuru, na mtu mwenye uhakika kwamba siye ni yuleyule wanayeogopa kumpoteza. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akatundika shuka kwenye kamba, akainyoosha kona zote nne, ndipo akajibu.

"Niseme nini, Obedi? Nikisema sikumpiga huyu, si nimekubali kuna niliyempiga? Wilayani wamenihoji, nimekataa yote. Nimesema ni uongo wa watafiti."

Dokta hakumsukuma. Alikaa chini kwenye ngazi ya saruji, viatu vyake vya kwenye matope siku hizi ni mabuti kama yetu. Mwisho nesi akasema anachoka mpaka mkono unatangulia kabla ya akili. Akasema hilo si sababu, anasema tu. Akatuambia tuondoke ana dawa za kuhesabu.

Tuliondoka tukijua tumeshindwa. Dokta njiani aliniambia kwamba angeweza kurudisha ile namba yote, angeirudisha. Sikumtania. Kuna siku utani unakaa mdomoni kama jiwe la kwenye wali.

Siku chache baadaye nilikuwa uani kwa Mama Bukuru, nimeenda kumbembeleza aende zahanati. Wanawake wa jirani walikuwepo wanamenya muhogo. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya mama mkwe. Mwenyewe Mama Bukuru alikaa pembeni peke yake na ungo wake wa muhogo, uchungu umeanza kidogokidogo na anaficha, lakini nilimwona anavyoshika kiuno. Mapacha walikuwa wanakimbizana kuzunguka choo.

Nesi akatokea njiani kwa miguu, amevaa sare yake nyeupe na mkoba begani. Visu vikasimama. Akasalimia, "Mwakeye." Walioitikia hawakufika watatu. Mama mkwe hakuinuka, akamwangalia juu mpaka chini.

"Umekuja kumaliza ulichoanza?"

Nesi alimwangalia Mama Bukuru, akaona mkono ulivyo kiunoni, akajua saa zimekwenda. Akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida tu, kama anaulizia chumvi:

"Huyu mimi sijawahi kumpiga. Na yeye hajanisema."

Nilisikia mapacha wanacheka kule nyuma ya choo. Jirani mmoja, yuleyule wa kisimani, akashika kisu na muhogo hewani akauliza polepole, "Kwa hiyo wapo uliowapiga."

"Wapo."

Yule aliyechapwa kweli, ambaye jina sitoi, alikuwa pale anamenya. Hakuinua kichwa. Nesi naye hakumtazama hata kwa bahati mbaya, na nadhani hilo lilimgharimu kuliko kusema. Akaongeza kwamba wilayani amepeleka maneno hayohayo jana yake, wakimhamisha watamhamisha kwa la kwake, si kwa la Mama Bukuru. Yule mama akaendelea kumenya. Baada ya muda akachukua muhogo aliokwishamaliza, akausogeza kwenye rundo la Mama Bukuru, akasema, kama anaongea na muhogo, "Mwenzenu ana uchungu, na nyie mmekaa."

Ndipo watu wakainuka wote kwa pamoja. Mama mkwe akaingia ndani akatoka na kanga mbili na sabuni. Mume akaitwa shambani, akaja anakimbia na jembe bado mkononi. Mimi nikapewa mapacha niwashike, kazi ambayo sikuwa na mafunzo nayo.

Alijifungua zahanati jioni ileile. Damu ilikuja kama safari ya kwanza, na nesi alikaa naye, mkono mmoja juu ya tumbo, mpaka ikakata. Mama mkwe aliyekuwa ndani alitusimulia kwamba Mama Bukuru alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na nesi alikuwa anasema tu lia, lia mama.

Asubuhi nilimkuta nesi nje ananawa. Nikamwambia Dokta ameuliza kama anaweza kuandika jambo hili, safari hii kwa kuuliza kwanza. Akajifuta mikono kwa sketi.

"Mwenye mtoto aachwe," akasema. "Na yule mwingine aachwe. Mimi asinipe jina la bandia. Nimeshasema mbele za watu."

Barua ya uhamisho haijaja mpaka naandika hapa. Mkifika kwenye ile zahanati, ambayo sasa ina manesi wawili, mtamkuta. Anaitwa Adela.